Kwenda Mumosho Kumtaja Ansima

Nilikwenda kijiji cha Mumosho tarehe thelathini Desemba kwa sababu karibu mwaka mmoja kabla nilikuwa nimeharibu uchumba wa mtoto wa marehemu kaka yangu, na watu niliowakosea walitaka nirudi mimi mwenyewe kuutengeneza. Nilikuwa na sababu ya pili pia, ambayo sikumwambia mtu: nilitaka kujua kama mwaka wangu utafika mwisho ukiwa mzima.

Kwa msomaji asiyenifahamu, mimi ni seremala, nakaa Muhumba hapa Bukavu, na watu wananiita Papa Zawadi kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kaka yangu alipofariki aliniachia kijana wake, Mugisho. Mugisho akakua, akapata kazi, akapata na mchumba huko Mumosho, binti anayeitwa Ansima. Siku ya bonane, ndivyo tunavyouita mwaka mpya, tulikwenda kwao kuomba watupangie siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari. Kwetu sisi Bashi kijana hajiombei mke. Anaombewa na msemaji wa ukoo, na msemaji huyo nilikuwa mimi.

Wenyeji wakatuletea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ndani ya kibuyu chenye mrija. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya macho yenu, muone kwamba haina ubaya wowote, kisha anakukabidhi wewe mgeni. Nikapokea. Nikapokea tena na tena, maana kasiksi ya Mumosho siku ile ilikuwa tamu na mimi sikuwa mtu wa kuikatisha tamaa. Nilipokuja kusimama, nilitangaza kwa sauti nzito, ambayo hadi leo naikumbuka kwa aibu, kwamba ukoo wetu umekuja kumwomba Nsimire.

Nsimire ni dada mkubwa wa Ansima. Ana watoto watatu. Mume wake alikuwa ameketi mbele yangu na sahani ya nyama magotini.

Majina yale mawili yametoka kwenye neno moja la Kimashi la kushukuru, na hata mtu aliye timamu anaweza kuyachanganya akajisahihisha. Mimi sikujisahihisha. Niliomba Nsimire mara tatu, na Mugisho aliponivuta koti nilimwambia anyamaze, wakubwa wanazungumza. Baba wa binti, Papa Nsimire, alisimama akasema kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Mwende kwanza. Musemaji wenu alale. Siku atajua jina ya mutoto yetu, yeye mwenyewe arudi aseme."

Kesho yake asubuhi, mbele ya mke wangu na Mugisho, nilisema sitagusa pombe mpaka bonane nyingine. Mugisho hakuniangalia. Mke wangu alikuwa anapepeta maharage, akasema, "Tutaona siku ya posho." Siku ya posho ni Jumamosi, siku niliyozoea kulewa.

Tarehe thelathini Desemba, saa moja asubuhi, Muhumba. Mwaka ule ukawa umebakiza siku mbili. Mama Zawadi, mke wangu, alikuwa amenipigia pasi shati jeupe, na nilipokuwa nalifunga vifungo nikaona vidole vyangu vimetulia. Huenda mwingine asingeona ajabu. Mimi nilivitazama kwa muda, nikafurahi peke yangu. Nje jirani alinipigia kelele, "Papa Zawadi, bonane yangu iko wapi?" akidai zawadi ya mwaka mpya, na mimi nikamjibu kwamba mwaka bado haujaisha, asiniibie siku zangu mbili.

Tulikuwa watu watatu, mimi, mke wangu na Mugisho, kwenye pikipiki mbili. Tulipita Nguba, tukapanda kuelekea Essence. Barabara hiyo naijua kwa nganda zake, maana mwaka uliotangulia hakuna baa iliyokuwa hapo ambayo haikuwa na kiti changu. Sasa nilikuwa nazipita moja moja nikihesabu mwaka wangu. Pale kwenye mlango wa buluu ndipo marafiki walipoweka dau mwezi wa pili kwamba sitafika Pasaka. Pasaka ilifika. Pale kwenye kona nilisimama mwezi wa tano, siku ya mvua, mkono tayari uko kwenye pazia la mlango wa baa, kisha nikaondoka bila kujua hata leo ni nini kilichoniondoa. Mji wetu mwaka ule uliona mambo ambayo wakazi wote wanayajua na sina haja ya kuyaeleza. Kila mtu alikuwa na sababu ya kunywa, na zangu zilikuwa nyingi tu.

Lakini mwezi wa saba nilitengeneza milango sita ya shule moja, na yote ilifunga bila kupigwa randa mara ya pili. Mama Zawadi alikwenda kuiona mwenyewe. Aliifungua na kuifunga, aliifungua na kuifunga, mpaka mlinzi akamuuliza kama anatafuta mtu.

Saa mbili na nusu, Panzi. Mvua ya usiku ilikuwa imeifanya njia ya mbele kuwa uji, na madereva wa pikipiki wakakataa kuendelea. Tukavua viatu, tukakunja suruali, tukashika njia kwa miguu. Mke wangu alitangulia, kitenge kimepandishwa hadi magotini, amebeba kikapu cha zawadi kichwani. Mugisho alibaki nyuma nami, na nikajua ana neno.

"Tonton," akasema, kama anavyoniita mimi ami yake, "nakuomba kitu moja."

"Omba."

"Batakupa kibuyu. Ukikataa, batasema tunabazarau. Batasema unaogopa sumu kwabo. Kunywa kidogo tu. Mara moja. Juu yangu."

Nilisimama katikati ya tope. Kijana huyu alikuwa ameniona mwaka mzima nikirudi nyumbani na akili zangu, ndiye aliyenisifu kwa wenzake, na sasa yeye ndiye ananiomba ninywe. Sikumkasirikia. Alikuwa amemngoja Ansima mwaka mmoja kwa kosa langu, na alikuwa na haki ya kuogopa. Tena alikuwa anasema kweli. Kukataa kibuyu ambacho mwenye nyumba ameshaonja ni sawa na kumwambia mbele ya watu wake kwamba humwamini, na ukimwambia hivyo huwezi tena kumwomba binti.

"Unaweza kugusisha mudomo tu," Mama Zawadi alisema bila kugeuka. Kumbe alikuwa anasikia. "Batu mingi banafanya vile."

"Mimi najijua," nikamjibu. "Mudomo yangu haijui kugusa tu."

Alicheka, ila Mugisho hakucheka. Tukatembea mwendo mrefu, na ninakiri kwamba katika kilima kile nilibadili nia mara nne. Nikipanda nilisema nitakunywa kwa ajili ya kijana. Nikiteremka nilisema sitakunywa kwa ajili yangu. Nilichukia kwamba mambo mawili mazuri yamegeuka kuwa maadui siku moja, tena mwaka ukiwa umebakiza siku mbili.

Saa tano, Mumosho. Migomba ilianza kushika pande zote mbili za njia, na kutoka chini bondeni tukasikia mto Ruzizi ukinguruma. Tulinawa miguu kwenye kijito, tukavaa viatu, tukakaribia ua. Papa Nsimire alikuwa mlangoni na mdogo wake, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu ambaye siku ya bonane hakufungua kinywa. Ndani walikuwa wameshapanga viti. Mume wa Nsimire alikuwa palepale alipokuwa amekaa siku ile, na sahani yake. Nikamsalimu nikitazama miguu yake.

Baada ya salamu na habari za njia, kibuyu kikaja. Papa Nsimire akaonja, akafuta mdomo, akanikabidhi. Nikakipokea kwa mikono miwili, maana kupokea lazima. Harufu ikanipanda puani, tamu, ya ndizi na mtama, na mwili wangu wote ukaitambua. Kama kuna mtu anadhani baada ya mwaka mmoja hamu inakufa, aje aniulize. Mugisho alikuwa ananitazama. Nikasimama na kibuyu mkononi.

"Papa," nikasema, "nashukuru kibuyu yenu. Siogopi sumu, na sibazarau. Lakini tangu bonane nilisema sitakunywa, na mwaka haiyaisha. Naomba munipe ruhusa nisikunywe."

Papa Nsimire hakukasirika, alikunja uso kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya. Kisha akauliza: "Mutu mwenye anakataa kibuyu yangu, nitajua namna gani kama atapokea muzuri mutoto yangu?"

Swali lilikuwa la haki. Nikamjibu hivi:

"Papa, siku ya bonane nilipokea muzuri sana kibuyu yenu, mpaka nikasahau mutoto yenu."

Mume wa Nsimire akaanza. Kwanza mabega, kisha sahani, kisha kicheko chenyewe, kikubwa, cha mtu aliyekizuia mwaka mzima. "Ni kweli!" akasema, akijipiga paja. "Ni kweli, alipokea muzuri! Alitaka kuniachisha bibi!" Wanawake waliokuwa upande wa jikoni wakadakia kicheko, na mwisho Papa Nsimire naye akaanza kutikisika tumbo. Mama Zawadi hakupoteza nafasi. Aliinuka, akanichukua kibuyu mikononi, akasema, "Ni mimi nitakunywa kwa fasi yake, siku ya bonane mulininyima," akavuta mrija mara mbili kwa heshima zote. Ukoo wetu ukawa umekunywa.

Papa Nsimire akanyoosha mkono kutaka kimya. "Bon," akasema. "Sema sasa."

Nilivuta shati, nikasema nilichokuwa nakisema kila asubuhi kwenye karakana yangu huku nikipiga randa: "Ukoo yetu imekuja kuomba Ansima. Ansima, binti wa pili wa hii nyumba, mwenye anafundisha batoto ba mwaka ya kwanza kusoma. Ansima, hapana mwingine." Nikalitaja jina mara tatu, kwa makusudi, ili kulipa zile tatu.

Akaitwa. Alikuja na vumbi la chaki bado kwenye mkono wa gauni lake, maana hata likizo alikuwa anawafundisha watoto wa jirani. Baba yake akamuuliza kama anawajua watu hawa. Akamtazama Mugisho, akanitazama mimi.

"Nabajua," akasema. "Na leo huyu papa naye ananijua."

Ng'ombe watapelekwa baada ya Pasaka. Hilo lilipangwa kabla chakula hakijaiva. Nilipewa mashanza, maziwa yaliyoganda, na aliyeniletea ni Nsimire mwenyewe, amebana midomo asicheke. Sijawahi kunywa kitu kikanishukia vizuri hivyo. Mugisho alikuja kukaa karibu nami, akaniegemeza bega kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akasema polepole, "Pardon, Tonton." Nikamwambia ale. Nilijivuna, nasema wazi. Nilijivunia yeye, nikajivunia mke wangu, na zaidi ya wote nikajivunia nafsi yangu, jambo ambalo nilikuwa nimesahau linavyokuwa.

Saa tisa tulianza kurudi. Jua lilikuwa limekausha njia, na wenyeji walitusindikiza kama desturi, mmoja mmoja akirudi nyuma, mpaka akabaki yule mdogo wa Papa Nsimire mwenye kofia ya sufu. Mama Zawadi akaniuliza kwa sauti ya chini mwaka ujao nitaahidi nini. Nikamwambia nitaahidi ileile, kwa mwaka mwingine, kwa sababu sijui kuahidi maisha yote. Maisha yote ni marefu, yananitisha. Mwaka mmoja nimeshauona mwanzo na mwisho, najua una mvua ngapi na harusi ngapi, na najua pia kwamba siku yake ngumu inaweza kuwa siku ambayo mtu unayempenda anakuomba uvunje ahadi. Nimejifunza kwamba siku kama ile nisijifiche nyuma ya mrija. Nisimame niseme. Mama Zawadi akasema, "Basi tutaona siku ya posho," lakini safari hii alinishika mkono tukiteremka.

Pale njia inapogawanyika, yule mdogo wa Papa Nsimire alisimama, akavua kofia. Siku nzima hakuwa ameniambia neno.

"Papa Zawadi," akasema, "mutoto yangu mwanaume anataka kuoa kule Nyangezi. Kule banakunywa sana. Sisi hatuna musemaji mwenye hanywi." Akaizungusha kofia mikononi. "Ungekuja kutusemea?"

Mimi. Mimi ambaye siku ya bonane nilisindikizwa kwenye njia hii nikishikiliwa makwapa. Nilimtazama Mugisho, na Mugisho alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

Nikamwambia nitakuja. Kisha nikamwomba kalamu, nikakunja mkono wa shati langu jeupe, nikamwambia, "Kwanza taja jina ya ule binti. Taja polepole."