Rupia za Bibi

Juzi sokoni Makambako nilimwona sonara akigonga sarafu ya zamani kwenye jiwe, ametega sikio. Nilitamani kumtemea mate.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mahongole, mnunuzi wa vyuma chakavu aliyenuka petroli alizigonga hivyohivyo rupia za Mjerumani alizotunza bibi yangu. Zililia kama kengele ndogo. Nilidhani anatuchezea muziki, nikacheka.

"Bibi, hela hizi siku hizi hazinunui hata chumvi," alisema, akazibeba zote na kumpa beseni la plastiki.

Niliamini sisi ndio tumempiga. Leo najua mwizi yule alikuwa akisikiliza mlio wa madini ya fedha. Na bibi alimfungia viazi vya kula njiani, akamwombea baraka.