Jiwe la Mpaka na Uyoga wa Sajini Oola

Sajini mstaafu wa polisi, Oola wa Naguru, aliamini vitu viwili: Mungu na jiwe la mpaka. Kila Jumamosi ya msimu wa mvua alipanda kilima kimoja kupita Gayaza, nyuma yake akihema Usama, mwalimu wa Kyambogo aliyeagizwa na daktari apunguze tumbo. Oola alimtajia alama za njiani kama anayeita majina gwarideni: mnara wa simu, mti uliopigwa radi, kichaka cha matunda ya mwituni. Mwisho lilikuja jiwe la wapima ardhi. Hatua kumi mashariki yake palikuwa na kichuguu, na hapo uyoga wa mchwa ulichomoza kila mwaka. Kwa miaka kumi na mmoja haukuwa umemdhuru mtu. Mwaka huu, Jumamosi ya kwanza ya mvua, Usama alisimama njiani akitazama ramani kwenye simu.

"Afande, simu yangu inasema mwaka jana tulichuma kule chini."

"Simu yako imekamata wezi wangapi?"

"Hata mmoja."

"Basi iweke mfukoni."

Jiwe lilikuwepo. Hatua kumi mashariki uyoga ulikuwepo, mweupe, mwingi. Kichuguu hakikuwepo; Oola akaamua kwamba mvua imekisawazisha. Huyu ndiye aliyewahi kuandika kwa mkono wake kesi tele za mawe ya mpaka yaliyohama na viwanja vya watu. Akaukata uyoga kwa kisu, juu kidogo ya udongo, kwa usafi wa kiaskari.

Alipika mwenyewe. Desturi ya nyumba yake ilikuwa sahani ya kwanza itoke kabla mtu hajaonja, iende kwa mkubwa wa majirani. Ikaenda kwa Abwola, mjane wa koplo. Mkewe Salme aliporudi na samaki kutoka Ggaba, alikuta sahani imeshakwenda. Akachungulia kikapu.

"Baba Zaid, mizizi iko wapi?"

"Nimeiacha kilimani. Ulitaka nikuletee matope?"

Salme akauzima moto. Uyoga wa mchwa una mzizi mrefu unaoshuka kichuguuni kama mkia wa panya. Ule wa sumu unaofanana nao hukaa ndani ya kifuko cheupe udongoni, mithili ya ganda la yai lililopasuka, nao hauna haraka. Humwacha mtu ale, ashukuru, ajisikie mzima, ndipo uanze kazi kwenye ini.

Oola alimpigia Usama. "Rudi kilimani. Kachimbe nilipokata."

"Afande, ndiyo kwanza nimeoga."

"Mwalimu, nenda."

Abwola aliwafungulia Oola na Salme mlango, mkononi sahani safi yenye ufuta, maana chombo cha jirani hakirudi tupu. "Yaani mmefuata sahani hata haijakauka!"

"Mama, umekula?"

"Nimelamba. Mwakani lete sufuria."

"Vaa viatu. Tunakwenda hospitali."

"Nani mgonjwa?"

Salme alikuwa ameshainama kumtafutia viatu.

Walikuwa bado kwenye benchi la hospitali Usama alipopiga simu. "Afande, chini ya jiwe kuna saruji mpya. Shimo lake la zamani liko kule chini, na kichuguu kando yake. Uyoga wetu upo, haujaguswa. Hapa ulipokata nimechimba. Nakutumia picha."

Oola alimpa daktari simu bila kuitazama. Daktari alilitazama muda mrefu lile ganda jeupe pichani.

"Bibi alikula saa ngapi?"

"Saa saba."

Sasa ilikuwa saa kumi na moja. Daktari alimwita muuguzi kwa sauti ya chini, kisha akamgeukia Abwola. "Unajisikiaje, mama?"

"Vizuri kabisa," alisema Abwola. "Tena njaa imeanza kuniuma."

Daktari aliliandika hilo pia, wala hakuonekana kufurahi.