Migomba ya Bibi Alinanuswe

Mwanangu Blandina hufunga intaneti isiyo ya waya kwenye mapaa ya Mbeya. Kazi hiyo siipendi. Kila akipanda ngazi, mimi husali mpaka ashuke. Lakini akishasema atafanya, hufanya. Alipofeli kidato cha pili alirudia mwaka bila kumlilia mtu.

Mwezi Machi alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Mteja wa Iyunga, Mzee Iqbal muuza vitambaa, alilalamika mara tatu kwamba mtandao unakufa kila mchana. Jailos, bosi wa Blandina, akamwambia, "Akilalamika mara ya nne, usirudi ofisini."

Siku aliyokwenda kutengeneza nilimpelekea Blandina chakula dukani kwa mzee. Alikuwa juu ya paa anabadilisha waya wa antena. Mimi nikakaa barazani na Mzee Iqbal nikiangalia. Mvua ya kila mchana ikanyesha, na mtandao ukakatika. Upande wa mlima Loleza, uliko mnara wa mtandao, migomba ya jirani ilikuwa inachuruzika maji.

"Blandina, ulipofunga, ile migomba ilikuwepo?"

"Ilikuwa imekatwa, mama. Ilikuwa Septemba, walishavuna mikungu." Akageuka kuitazama. "Machipukizi! Yamekua yote."

Akatueleza. Mawimbi ya redio ya masafa ya juu, kama haya ya mzee, hubeba vitu vingi, lakini yanataka kuonana na mnara uso kwa uso. Majani yaliyolowa huyameza. Masafa ya chini hupenya majani, ila kila nyumba hapa inayatumia, yanagombana kama watu sokoni.

"Basi ikatwe!" akasema Mzee Iqbal.

Bibi Alinanuswe, mwenye migomba, akatokea na panga lake. "Thubutu! Mgomba unanilisha. Huo mtandao wako, Iqbal, unapikwa na maharage?"

"Shikamoo, bibi," Blandina akaita kutoka juu. "Hatukati. Ikirefuka, sisi tutarefuka zaidi."

"Marahaba. Huyu amelelewa."

Blandina akaleta bomba la mita tatu la kuunga juu ya nguzo ya antena, ipite majani. Nikashika ngazi.

"Mama, unaogopa, ngazi inacheza."

"Panda."

Kesho yake mvua ilinyesha mchana kutwa. Mzee Iqbal alimpigia Jailos mwenyewe, akipiga kelele: "Namwona mdogo wangu Farhan kule Iringa mpaka meno!"

Jumatatu Blandina alirudi ofisini. Jioni akaniambia kesho ana nguzo nyingine, Mwanjelwa. Nikamuuliza ni saa ngapi, nije kushika ngazi.