Nilivyopandishwa mlimani na laptop kwa sababu ya nukuu moja kwenye docker-compose

Wakuu, poleni na majukumu. Kisa hiki ni changu mwenyewe, na sijakitia chumvi. Kilivyo tu, aibu yake inanitosha.

Naishi Tunduma. Nina shahada mbili, kitambi kimoja, na kazi yangu ni kufunga mifumo midogo ya kompyuta kwa vikundi vya wakulima na kuwafundisha kuitumia, ndiyo maana huniita Mwalimu.

Msimu uliopita nilikuwa kwenye kikundi kimoja cha kahawa huko ndani, ukiiacha barabara kuu pale Nanyala. Mfumo wao wa kupokea kahawa unakaa kwenye laptop ya ofisi, ndani ya kontena za Docker.

Kwa wasiojua, kontena ni kama kisanduku chenye programu na kila inachohitaji. Kuna faili moja la maandishi, docker-compose.yml, linaloeleza visanduku hivyo viwashwe vipi. Ukilikosea hata alama moja, hakiwaki kitu.

Asubuhi moja nikaongeza kwenye faili hilo mistari michache ya kutunza nakala ya akiba. Hakuna aliyeniomba. Nikazima, nikawasha.

yaml: line 22: did not find expected key

Yaani faili lina kosa, na linalotajwa ni mstari wa 22. Sasa uelewe ubaya wake. Kahawa mbivu ikichumwa, inatakiwa ipite mashineni kumenywa maganda siku hiyohiyo. Ikilala guniani inachacha na daraja linashuka. Na wanachama walishakubaliana, kwa ushawishi wangu mimi, kwamba mzigo usioingia kwenye mfumo haupelekwi mashineni.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Haonga, mjane. Alikuwa amechumisha shamba lake lote, magunia yamepangwa juani.

Nikakagua mstari wa 22. Safi. Nikaurudia. Safi. Mgongoni kwangu watu wamejaa mpaka mlangoni, wengine wananipumulia shingoni.

Hapa niwaambie kitu. Mtu anayesoma kimya anaonekana ameshindwa. Anayebonyeza-bonyeza anaonekana fundi. Basi nikawa nabonyeza. Nikasogeza mistari, nikafuta, nikabadilisha namba ya port, yaani mlango wa kuingilia kwenye programu, ambayo haikuwa imenikosea lolote. Kila nikiwasha, error inahamia mstari mwingine.

"Mwalimu, inaumwa nini hiyo?" Mama Haonga akauliza.

"Mtandao, mama. Leo mtandao unasumbua."

Wakaanza kuongea Kinyiha. Mimi ni Mnamwanga, naambulia nusu. Niliambulia mlima na pikipiki.

Katibu wao, Bwana Simkoko, akaifunga laptop kwa heshima zote, akaitia kwenye begi.

"Twende, Mwalimu. Kule juu mtandao unashika."

Ningesemaje? Nikapanda pikipiki nyuma yake.

Huko juu kulikuwa na majani, upepo na jiwe la kukalia. Katibu akakaa mbali, kanipa mgongo, anatafuna muwa. Hapakuwa na wa kumwonyesha ufundi, kwa hiyo nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikarudisha nyuma upuuzi wangu wote, nikasoma faili kuanzia mstari wa kwanza.

Mstari wa 17. Nilifungua alama ya nukuu kwenye nywila, sikuifunga. Kompyuta ikaendelea kumeza mistari iliyofuata ikidhani bado ni nywila, mpaka ilipogongana na nukuu ya mstari wa 22, isiyo na hatia yoyote, ikaikamata hiyo.

Nikaifunga nukuu. Nikaandika docker compose config, amri inayokagua faili bila kuwasha chochote. Likapita. Nikawasha, visanduku vyote vikaamka.

Ndipo nikatazama simu yangu.

"Katibu, mbona huku hakuna mtandao kabisa?"

"Hakuna," akajibu bila kugeuka. "Siku ya mafunzo si ulituambia mfumo huu hautaki mtandao?"

Nilitamani lile jiwe lipasuke niingie.

"Huku hakuna watu, Mwalimu. Mama Haonga ndiye kasema upelekwe mahali upumue. Kasema, mkiendelea kumzonga hivi kahawa yangu itachacha."

Tukashuka.

"Umeushika mtandao?" Mama Haonga akaniuliza, uso mkavu.

"Nimeushika, mama."

"Haya, nipimie."

Tukapima. Wote waliangalia chini kwa adabu, na kahawa yake ikaingia mashineni jua likiwa bado juu. Kicheko chao nilikisikia nikiwa nimeshaipita kona ya kwanza ya kurudi barabarani.

Nilichojifunza cha kiufundi ni kidogo: error ikitaja mstari, anza kusoma juu yake, maana kosa linaweza kuwa limetangulia. Na kagua kwa config kabla hujazima kinachofanya kazi.

Hicho kingine bado nakitafakari. Nilidhani mgongoni kwangu nina mahakimu. Kumbe mwenye cha kupoteza kuliko wote ndiye aliyenitafutia nafasi ya kukosea bila kutazamwa.

Haya, mafundi wenzangu, msiniache peke yangu na aibu hii. Nani mwingine humu amewahi kuusingizia mtandao, na aliokolewa na nani?