Mlingoti Ulioswalishwa

Nilizisikia nyayo kabla ya kuona kitu. Nilikuwa nimelala mkekani katika nyumba ya bibi yangu kule Kabambare, macho bado mazito kwa usingizi wa mchana, na huko nje unyayo ulibandikwa mchangani, kisha mwingine mbele yake, kisigino kikigusa kidole, na sauti nzito ikihesabu taratibu. Nilipotoka nilimkuta bibi anatembea kuelekea gunzi la muhindi. Alikuwa ameliweka pale kivuli cha kichwa chake kilipoishia.

Hatukuwa na saa ya ukutani. Saa yetu ya swala ya alasiri ilikuwa mwili wa bibi.

"Kila mutu iko na urefu wa nyayo zake saba," aliniambia. "Murefu, mufupi, wote saba. Kivuli yako ikifika saba, tawadha, bwana yangu."

"Hii ni zaidi ya saba, Bibi."

"Toa kwanza zile za adhuhuri. Zile si zako, ni za majira."

Ilikuwa kiangazi, wakati jua linapotuhama na kupita upande wa kaskazini, na hata saa sita ya mchana kivuli cha mtu hubaki na nyayo tatu na nusu. Basi alasiri iliingia kwenye kumi na nusu. Niliishika hesabu hiyo kama nilivyoshika Alhamdu.

Niliibeba mpaka Kasongo, kwenye shule ya serikali ambako mtoto wa Kiislamu hakuulizwa ubatizo. Mwalimu wetu wa hesabu, Mbelgiji kijana mwenye shingo nyekundu, alichora pembetatu ubaoni akatupa neno tanjenti. Chukua urefu wa kitu, alisema, ugawanye kwa urefu wa kivuli chake, kisha tafuta jibu katika jedwali. Litakuambia jua limesimama kwa pembe gani. Moyo wangu uliruka. Saba kwa saba ni moja, na moja katika jedwali ni digrii arobaini na tano. Basi kila alasiri ya utoto wangu ilikuwa na digrii arobaini na tano! Nilijiona nimezaliwa nikiijua hesabu hiyo, na wenzangu ndio kwanza wanabatizwa ndani yake.

Mwisho wa muhula mwalimu alitangaza kwamba atachagua wachache kwa darasa la wapima ardhi. Waliobaki wangerudi kwao, kwenye mashamba ya pamba ya lazima. Mjomba wangu alikuwa ameshaninolea jembe. Nilikuwa sitaki kitu kingine duniani isipokuwa kubaki.

Mtihani ulikuwa mmoja: tafuteni urefu wa mlingoti wa bendera, pale uani. Mwalimu aliujua, kwa kuwa aliupima ulipokuwa bado umelala chini. Wenzangu waligombea kipimapembe cha mbao, chenye uzi na kijiwe kinachoning'inia. Mimi nilisubiri alasiri. Nikavua viatu, nikapima kivuli changu: nyayo kumi na nusu. Nikatoa tatu na nusu za adhuhuri. Saba. Tanjenti ni moja, kwa hiyo mlingoti ni sawa na kivuli chake. Nilikipima kivuli hicho kwa kamba ya shule, nikaandika: mita kumi na tano.

Mwalimu alisoma, akautazama mlingoti, akanitazama mimi.

"Kwa urefu huo bendera yetu ingeonekana kutoka Nyangwe, mji ule wa mbali," alisema kwa Kifaransa, na darasa zima likacheka. "Nakupa mpaka kesho, kabla haijateremshwa. Ukikosa tena, nenda nyumbani."

Katika bweni nililala karibu na mwana wa katekista kutoka Lusangi, ambaye alikuwa ameshachaguliwa.

"Mungwana," aliniambia, kama walivyotuita sisi Waislamu, "leo umeswalisha mulingoti."

"Niache."

"Ile mulingoti iko ya Wabeleji. Haijui rakaa hata moja."

Niligeukia ukutani, lakini maneno yake yaligeuka nami.

Asubuhi nilitoka tena bila viatu. Kivuli changu kilikuwa nyayo kumi na nne. Asubuhi hakuna swala niliyofundishwa kuipima kwa kivuli, kwa hiyo sikuwa na cha kutoa. Saba kwa kumi na nne ni nusu. Kivuli cha mlingoti kilikuwa mita ishirini, na nusu yake ni kumi. Nilisimama katikati ya uwanja. Mlingoti gani una mita kumi asubuhi na kumi na tano alasiri?

Hapo ndipo nilipoelewa, na uelewa huo ulinipitia kama maji baridi ya kisima. Nyayo za adhuhuri hutolewa ili tujue jua limeshuka kiasi gani tangu lilipokuwa juu kabisa. Hiyo ni hesabu ya wakati. Mlingoti hauulizi wakati. Mwale unaopita kichwani pake unaangukia mwisho wa kivuli chote, na pembe inakaa pale, si nyayo tatu na nusu kabla yake. Bibi hakukosea hata kidogo. Mimi ndiye niliyempa swali la watu wengine.

Siku ile sikula. Kila kivuli kilipobadilika nilikipima. Kilijikunja kuelekea adhuhuri, kikajinyoosha tena, na kila mara jibu lilikuwa kumi. Alasiri ilipofika, nyayo zangu kumi na nusu, zote, bila kutoa hata moja: saba kwa kumi na nusu ni theluthi mbili, na theluthi mbili za mita kumi na tano ni kumi. Jedwali likaniambia jua liko karibu na digrii thelathini na nne. Nilitaka kuimba.

Mwalimu alikuwa darasani na wale ambao hawajachaguliwa. Nilimweleza yote, hata mlingoti ulivyoswalishwa.

"Na wingu likifunika jua?"

"Nachukua kipimapembe, Mwalimu, narudi nyuma nikilenga kilele cha mlingoti mpaka uzi ukae kwenye arobaini na tano. Napima kutoka hapo hadi chini ya mlingoti, halafu naongeza urefu wa jicho langu."

"Jicho linaingiaje?"

"Kwa sababu natazama nikiwa nimesimama. Silali chini kama mjusi."

Alicheka, safari hii si kwa kunicheka.

"Darasa la wapima ardhi liko ng'ambo ya uwanja," alisema. "Nenda. Na uvae viatu."

Nilivichukua mkononi, kwa kuwa kuvivaa kungenichelewesha. Nilivuka kizingiti nikikimbia, na mwalimu akaufunga mlango nyuma yangu.