Tende za Wanachama

Sijapata kukichukia chumba kama nilivyokichukia kile, na nilikwenda mara tatu kwa wiki. Kilikuwa cha kasino, nyuma ya hoteli moja ya ufukweni, mwendo mfupi kutoka Mji Mkongwe, hakina dirisha wala saa ukutani. Vitu hivyo havikusahauliwa. Kuna mtu alikaa akafikiri namna ya kukufanya usijue kuwa adhuhuri imepita. Mimi nilikuwa na shahada na miaka miwili ya kupeleka maombi ya kazi, kwa hiyo mtu anayenilia wakati wangu kwa mpango nilimtambua mara moja.

Nilikwenda kwa ajili ya kadi. Kasino ile iliwapanga wanachama wake kwa madaraja, na la chini kabisa, la shaba, lilitolewa bure. Niliyasoma masharti yote, nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kuyasoma. Kila siku uliyoichomeka kadi kwenye mashine ulipata pointi za kuhudhuria, ucheze sana ucheze kidogo. Pointi za siku tatu zilitosha chakula cha mchana kwenye mkahawa wa hoteli. Basi nilichomeka kadi, nikaweka dau dogo kuliko yote, nikaliwa, nikaagiza juisi ya ukwaju ya bure, nikaondoka. Alhamisi nilikula pweza wa nazi. Wa daraja la dhahabu walikula pweza yuleyule, ila wao walikuwa wameshamlipia mara mia.

"Kaka, wewe huchezi," aliniambia dada wa mapokezi, mtu wa bara, aliyekuwa akiniandikia hati ya chakula. "Wewe unatembelea."

"Masharti yanasema nicheze kiasi gani?"

"Hayasemi."

"Basi."

"Mabosi wakikugundua watayaandika upya."

"Wanajua. Wananihitaji ukumbi uonekane una watu."

Alicheka, nami nikatoka nikiamini kuwa ni mimi ninayewala wao.

Fomu ya uanachama ilitaka namba ya simu. Namba yangu siwapi watu wa aina ile, nikaandika ya mama. Mama ana simu ndogo ya vitufe, anapokelea salamu za dada yake wa Kizimkazi. Ujumbe wa maandishi, nilidhani, hausomi. Mimi mwenye shahada nilidhani mama yangu hasomi.

Wiki ya mwisho ya Shaabani walitugawia wanachama wote zawadi ya mwezi mtukufu: kikapu cha ukili, utepe wa dhahabu, ndani paketi tatu kubwa za tende. Kasino inafuturisha. Nilimuuliza dada wa mapokezi nani aliyebuni kichekesho hicho.

"Makao makuu. Wanasema ni kuheshimu utamaduni."

Ningeweza kukiacha pale mezani, sikukiacha. Nilikitoa utepe, nikakipeleka nyumbani Ng'ambo.

"Umezitoa wapi?" mama aliuliza.

"Nimepata kibarua cha kufasiri. Wamenipa kazini."

Aliniwekea mkono kichwani akaniombea dua ndefu. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Mwaka huu tuna za kupeleka."

Za kupeleka wapi sikuuliza, nilijua. Siku ya kwanza ya mfungo nyumba yetu hupeleka tende msikitini, kwa wale ambao adhana ya magharibi huwakuta mbali na kwao. Baba alifanya hivyo maisha yake yote, na tangu afariki mama ameendelea kwa pesa za mikate ya ufuta anayouza. Mwaka uliopita alishindwa, akajifungia chumbani. Nilijiambia tende ni tende, mtende haujui kasino. Nilizibeba mwenyewe. Nilizipanga mwenyewe kwenye sahani, nikawatazama wachukuzi na wauza samaki wakifuturu.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, nilimkuta mama jikoni amevaa miwani, simu kiganjani. Alinisomea kwa sauti, akipumzika kwenye kila mkato: "Mwanachama wetu mpendwa, tunatumai umezifurahia tende zetu. Mashine za kasino yetu zinakusubiri."

Akaivua miwani. "Hizi huja kila wiki. Mimi nkidhani matapeli, nkizifuta. Hii imetaja tende."

"Mama, waliokula hawakujua. Hawana kosa."

"Hawana. Hilo nnalijua, sikungoja msomi anambie. Nakuuliza wewe. Ulijua?"

"Kucheza kwenyewe sikucheza hasa, nlikuwa—"

"Ulijua?"

"Nlijua."

Hakupiga kelele. Alivaa buibui, akatoa chini ya godoro pesa alizoweka za nguo ya Idi, akaenda Darajani akanunua paketi tatu. Alizipeleka msikitini mwenyewe. Hakuniita nimbebee.

Kesho yake nilirudi kwenye kile chumba. "Futa hii namba," nilimwambia yule dada.

"Haifutwi, kaka, mpaka uanachama uishe. Na uanachama unaisha usipokuja mwaka mzima."

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Umo kwenye masharti. Si wewe uliyeyasoma?"

Nilikuwa nimeyasoma. Sentensi hiyo niliipita, kwa sababu haikuwa na chakula ndani yake. Niliivunja kadi mbele yake. Aliufagia ubao wa mapokezi kwa kiganja, vipande vikaangukia kwenye pipa, kama mtu aliyezoea.

Jioni nilinunua nanasi, nikalimenya, nikaliweka mkekani kati yetu.

"Umelitoa wapi?"

"Nimenunua sokoni."

"Kwa pesa gani?"

"Nilizolipwa kumfundisha mtoto wa jirani hesabu. Muulize mamake."

"Ntamuuliza," alisema, akasogeza sahani yake ya uji upande wa pili.

Muda mfupi kabla ya adhana simu ikalia. Hakuitazama. Aliisukuma kwa kidole mpaka gotini kwangu.

"Ujumbe wako huo."

Wale wa kasino waliandika kuwa wamenikumbuka. Nilifuta. Adhana ikaingia, mama akafungua kwa maji na mkate wake mwenyewe, na nanasi nililila peke yangu.