Siku Yohana Alipovishwa Shada la Benedikto

Mwaka 1976, pale Bigwa, wakubwa walisimama kwa heshima na kuivisha shada la maua picha ya mtu waliyekuwa wanamtafuta wamnyonge.

Sijakosea kuandika. Rudia kusoma ukitaka.

Kisa hiki kilimkuta Mama Modesta. Amenisimulia mara nyingi, na hajawahi kucheka zile sehemu ambazo sisi tulikuwa tunashika mbavu. Nami nawapa kama nilivyopewa.

Mama Modesta alikuwa mjane wa polisi.

Mume wake, Konstebo Benedikto, alifia mtoni masika ya 1967. Alikuwa anamshusha mtuhumiwa kutoka milimani kwenda kituoni mjini. Kwa miguu, maana kule juu gari lilikuwa halifiki.

Mtuhumiwa aliitwa Yohana, kijana wa palepale Bigwa. Kosa lake, kuiba nguruwe jike wa misheni.

Mwili wa Benedikto ulikutwa mbali chini, umenasa kwenye matete. Yohana hakuonekana. Pingu nazo hazikuonekana.

Watu wakajumlisha fasta. Polisi kafa, mtuhumiwa katoweka, basi mtuhumiwa kamsukuma polisi majini akala kona. Ikawa kesi ya mauaji.

Wiki iliyofuata yule nguruwe akarudi mwenyewe misheni, na watoto wake nyuma. Kumbe alikwenda porini kuzaa.

Hakuna aliyesema neno kuhusu nguruwe.

Modesta akabaki Bigwa, kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Akawa analima kabichi na njegere, anashusha sokoni kwa kichwa. Hakuolewa tena. Walikuja wawili watatu kuulizia, akawapa uji, wakanywa, wakaondoka.

Aliyepata tabu zaidi yake alikuwa Veronika, mama yake Yohana.

Huyo bibi hakufukuzwa. Aliachwa tu. Kanisani akikaa, benchi zima linabaki lake. Akifika kisimani, maongezi yanakatika. Modesta mwenyewe hakuwa amempa salamu tangu msiba.

Sasa ikaja hiyo 1976.

Wanakijiji walikuwa wamejenga daraja kwa kujitolea, palepale Benedikto alipofia. Wakubwa wa mjini wakasikia, wakasema daraja lipewe jina la shujaa, na siku ya kulizindua iwe siku ya kumkumbuka. Kamanda mmoja akapangwa kuwa mgeni rasmi.

Picha ya marehemu ikahitajika.

Hakuna aliyepanda kwa Modesta kuiomba. Mtu mmoja kituoni alifungua jalada la zamani la kesi ile, akakuta picha moja tu, ya kijana aliyevaa koti na tai. Akaona huyu anafaa. Akaipeleka studio ya Girish mjini ikakuzwe.

Girish akakuza alichopewa.

Siku ikafika. Turubai limefungwa, viti vimeazimwa shuleni, watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Modesta kawekwa kiti cha mbele. Amevaa kitenge kipya alichoshonewa na dada yake.

Kitambaa kilichofunika picha kikavutwa.

Modesta akatazama. Akafumba macho, akafumbua, akatazama tena.

Alikuwa Yohana.

Yohana mwenyewe, kwenye fremu ya mninga. Lile koti lilikuwa la studio, kila kijana wa milimani alilivaa akienda kupiga picha. Limempendeza kweli. Ungemkuta ofisini ungemwamkia.

Kamanda akapiga saluti. Askari wake wakapiga saluti. Shada likavishwa.

Nyuma yao watu wa Bigwa nzima walikuwa kimya. Wote walimjua Yohana. Walimwona akikua. Lakini nani amkatize mgeni rasmi?

Petro, balozi wa nyumba kumi, akainama sikioni kwa Modesta.

"Dada, tulia. Litapita."

"Balozi, huyu si mume wangu."

"Najua."

"Sasa?"

"Hotuba haijaanza. Tukianza kubishana sasa, tutalala hapa."

Modesta akawa anajipanga asimame au asisimame. Kabla hajaamua, mtu akapita pembeni yake.

Veronika.

Alitoka kule nyuma kabisa alikozoea kukaa, akatembea hadi kwenye picha, akapiga magoti. Akaishika fremu kwa mikono miwili. Akaanza kulia, kilio kile cha chini ambacho mtu anakuwa amekibana miaka.

"Mwanangu," akasema. "Mwanangu jamani."

Kamanda alikuwa mtu mwenye utu. Akashuka jukwaani, akamshika bibi mkono, akamwinua.

"Shikamoo mama. Pole sana. Mwanao alikuwa shujaa."

Veronika akamtazama.

"Marahaba, baba," akasema. "Asante. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia."

Kamanda akaagiza mama wa shujaa aletewe kiti mbele. Kikaletwa. Kikawekwa bega kwa bega na cha Modesta.

Na hotuba ikaanza.

Ilikuwa ndefu. Ndani yake Benedikto alikuwa simba. Alipambana na jambazi katikati ya mafuriko, akakabwa, akakaba, akaita jina la nchi yake akazama. Watu wakapiga makofi pale walipoonyeshwa kupiga.

Modesta alisikiliza yote. Alikuwa anamtafuta mume wake mle ndani, hampati.

Benedikto aliyemjua yeye alikuwa anaogopa ng'ombe. Kaptula yake ya kazi alipiga pasi mwenyewe, hakumwamini mtu. Kifungo kikidondoka nyumba nzima inapinduliwa, kwa sababu kifungo kile si chake, ni cha serikali. Ugomvi wao mkubwa kuliko yote ulihusu yeye Modesta kukalia mkanda wa kazi.

Huyu simba alikuwa nani?

Pembeni yake Veronika alikuwa ameacha kulia. Ametulia, mikono mapajani, anatazama picha. Modesta akajikuta anamtazama mikono. Ilikuwa na nyufa za jembe kama yake.

Akamuuliza bila kugeuza shingo, "Yuko hai?"

Makofi yakapigwa, yakaisha.

"Yuko hai."

"Alimuua?"

"Kamuulize mwenyewe. Mimi ni mama yake, nikikujibu hutaniamini. Nenda Mikese, ulizia mchoma mkaa anaitwa Dadi."

Hapo ujue bibi alikuwa amefanya nini. Alikuwa amemkabidhi mwanawe kwa mjane wa marehemu, mita chache kutoka kwa kamanda. Modesta angenyoosha mkono tu, kazi imeisha.

Hakunyoosha.

Kesho yake alipanda lori la mboga hadi Mikese. Njiani hakuwa na mpango wowote. Kwenye kikapu alikuwa na kabichi na kisu cha kukatia kabichi, na alisema mpaka uzeeni kwamba kile kisu kilikuwa cha kabichi.

Mchoma mkaa alikuwa porini kidogo kutoka barabarani, anafukia tanuri kwa udongo. Mvi zimeshaanza. Alipomwona mgeni hakukimbia. Aliweka koleo chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanijua?"

"Nakujua. Wewe ni mke wa afande."

"Niambie."

Yohana akamtafutia gogo akae. Yeye akabaki amesimama, mikono nyuma, kama yuko mahakamani.

"Tulifika mtoni maji yamejaa. Afande akanifungua pingu. Akasema mtu hawezi kuogelea na chuma, na nikikimbia atanikamata upande wa pili."

"Kisha?"

"Tukavuka."

"Mkavuka wote?"

"Wote, mama. Yeye alikuwa hajui kuogelea vizuri, nikawa namshika shati. Tukafika ng'ambo, tukakaa kwenye majani, tunahema. Akaniuliza kama kweli nimeiba nguruwe. Nikasema hapana. Akasema hata yeye anaona hivyo, ila kazi ni kazi, twende tukamalizane kituoni."

Modesta akaweka kikapu chini.

"Halafu akashika kichwa. Kofia haipo. Tukatazama, tukaiona imenasa kwenye jiwe katikati ya maji. Nikamwambia, afande, achana nayo. Akasema, kofia ile ni ya serikali."

Modesta akaweka kiganja mdomoni.

"Akanipa pingu nimshikie, ufunguo ukiwa palepale kwenye tundu. Akasema, kaa hapa, usiondoke, hiyo ni amri. Akavua viatu, akavipanga. Akaingia."

"Akaifikia?"

"Aliifikia. Aliivaa kabisa. Akageuka kunitazama. Halafu lile jiwe likamtupa."

Tanuri lilikuwa linatoa moshi kidogo kidogo. Yohana akaendelea kwa sauti ileile.

"Nilikimbia ukingoni nikimwita, nikajitupa, maji yakanirudisha. Sikumwona tena. Nikarudi pale aliponiambia nikae, nikakaa. Nilikaa mpaka giza likaingia, mama. Nilikuwa nimepewa amri, na mwenye kuitengua hayupo."

Modesta akaanza kutikisika mabega.

Yohana alidhani analia. Akasogea, akasita.

Mama alikuwa anacheka.

Alicheka mpaka akateleza kwenye gogo. Aliona yote: viatu vimepangwa sawasawa ukingoni, na yule mwanamume kasimama katikati ya mafuriko, kofia kichwani, karidhika. Huyo ndiye. Huyo alimjua. Tangu azikwe, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumletea mume wake kama alivyokuwa.

Kisha kicheko kikageuka, akalia kweli. Yohana akamletea maji kwenye kibuyu, akasogea pembeni, akampa muda wake.

Alipomaliza akafuta uso kwa khanga.

"Pingu ziko wapi?"

"Ninazo. Nimezifukia ndani."

"Zifukue. Vaa shati safi. Tunakwenda kituoni."

Yohana akakaa chini, pwaa, kwenye vumbi la mkaa.

"Mama, wataninyonga."

"Huenda. Lakini wewe umeshajinyonga hapa, unakula moshi kwa jina la mtu mwingine, na mama yako anakaa benchi peke yake. Mimi nitasema mbele yao kwamba nimekusikia na nimekuamini. Mke wa marehemu ni mimi. Hawana mwingine wa kumuuliza."

Yohana akajipangusa vumbi. Kisha akaenda kuchimba.

Kituoni walimkuta sajini. Modesta akaweka pingu mezani. Zilikuwa nzima, hazikuvunjwa wala kukwaruzwa kwa tupa, zimefunguliwa kwa ufunguo wake, na ufunguo umeganda kwa kutu mle ndani. Sajini akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma. Akamtazama Yohana. Akatazama ukutani, ambako ile picha ya shujaa ilikuwa imeshatundikwa na shada lake. Akamtazama tena Yohana.

"Huyu ni nani?"

"Ni huyo," akasema Modesta.

Sajini akavuta kiti akakaa.

Swali la kwanza alilomuuliza Yohana lilikuwa kwa nini amechelewa kurudisha mali ya serikali.

Walimweka ndani, hilo halikuepukika. Modesta alishuka na chakula, siku nyingine Veronika, mwishowe wakawa wanashuka pamoja na chungu kimoja. Wakubwa wakauliza huku na huku. Mvuvi mmoja akakumbuka viatu vilivyokutwa vimepangwa ukingoni, jambo ambalo mwaka ule hakuna aliyelifikiria: mtu anayekabana na jambazi anavua saa ngapi viatu? Na nguruwe, wote walikiri, alirudi mwenyewe.

Yohana akaachiwa. Hakupewa pole na mtu. Alipewa mkanda wake na hela zake za nauli.

Kamanda alielezwa. Inasemekana aliuliza kama ile hotuba ilikuwa imeshapelekwa magazetini. Ilikuwa imeshapelekwa. Akasema basi.

Jumapili iliyofuata Modesta aliingia kanisani akapita benchi lake la siku zote. Akaenda kukaa benchi la Veronika. Misa ilipofika katikati, benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wanabanana.

Sasa mtaniuliza, we haya yote umeyajuaje kwa undani hivi, mpaka moshi wa tanuri?

Yohana ni baba yangu.

Alioa mwaka uliofuata, nikazaliwa mimi, na mama yangu wa ubatizo akawa Modesta. Watu wote walitegemea niitwe Benedikta. Padri naye alikuwa ameshajiandaa. Mama Modesta akakataa palepale kwenye maji ya ubatizo. Akasema lile jina lilikuwa na mwenyewe, na mtoto hana sababu ya kubebeshwa mtu asiyemjua.

Nikaitwa Josephina.

Nimelelewa na mwanamke ambaye kijiji kilimtaka amchukie baba yangu mpaka kufa, na aliniambia sababu ya kutofanya hivyo ilikuwa ndogo tu: alichoka kuombolezewa mtu asiyemfahamu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukifiwa, watu watakuja na maneno makubwa. Wapokee, wape kiti, wamekuja kwa wema. Lakini wakishaondoka, mtafute aliyekuwa na mtu wako saa za mwisho, hata kama ni yule uliyeambiwa usimsalimie.

Muulize. Halafu ukae umsikilize mpaka amalize.